Adabu za Kumsafirisha Mgonjwa kwa Ndege

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. 

Juma lililopita tulieleza adabu za kumzuru mgonjwa, na tukaahidi kuendelea na mlango wa wasia. Mlango huo tumeuakhirisha kidogo, kwa kuwa limetokea jambo katika mtaa wetu ambalo tumeona ni haki tulisimulie, pamoja na kosa letu lililomo ndani yake. Ni jambo la mgonjwa aliyesafirishwa kwa ndege, na la sisi jamaa zake tuliobaki chini tukipiga simu.

Kijana wetu mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa ombi la mama yake, ni dereva wa lori. Kazi yake ni kupakia nafaka bandarini Mombasa na kuipeleka Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Safari hiyo hupita Nairobi na Kitale, kisha huteremka Pokot Magharibi hadi Kainuk, mji mdogo ulio mlangoni pa Turkana. Ukishavuka Kainuk, mbele yako ni nchi ya jua na michongoma hadi Lodwar, na kutoka Lodwar ndipo unaposhika njia ya Kakuma. Kwa miaka mingi madereva wameipita Kainuk kwa hofu ya wavamizi wa barabarani. Lakini siku hiyo hakuna bunduki iliyolia. Tairi la mbele lilipasuka, lori likalala ubavu, na usukani ukamkandamiza kijana wetu kifuani.

Waliomtoa ni wenyeji wa Kainuk, watu wasiomjua kwa jina wala kwa ukoo. Walivunja kioo kwa mawe, wakamvuta polepole, wakamlaza kivulini. Kina mama wakamfunika kwa shuka zao wenyewe, na mzee mmoja akasimama katikati ya barabara hadi gari la kwanza likasimama. Mmoja wa vijana waliomtoa alikatwa mkono na kioo, na damu yake ikachanganyika na ya mgonjwa. Akapelekwa kituo cha afya kilichokuwa karibu, na usiku huo huo akafikishwa hospitali ya mjini Lodwar, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Taniboi wake, alhamdulillahi, hakuumia, na ndiye aliyetupigia simu.

Tajiri wa lori lile, Mwenyezi Mungu amlipe, alikuwa amewalipia madereva wake ada ya mwaka ya uokozi wa ndege. Asubuhi yake ndege ikaruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na kutua Lodwar. Habari hiyo ilipotufikia tulipiga takbiri. Mama yake akaanza kuuliza atapelekewa nguo gani Nairobi.

Ikapita saa nzima. Ikakaribia saa ya pili. Mama akatupigia akilia: "Shekhe, ndege imefika tangu asubuhi, na mwanangu bado yuko wadini. Hawataki kumpandisha." Tukamwomba taniboi ampe simu muuguzi aliyekuja na ndege. Tukamwambia maneno ambayo leo hatupendi kuyarudia. Tulimwambia kwamba ndege imelipiwa, kwamba roho ya mtu si mchezo, na kwamba akifa mgonjwa kwa kuchelewa atakwenda kujibu mbele ya Mola wake.

Yule dada alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema: "Shekhe, nimekusikia. Naomba unipe muda nimtayarishe. Nikimpandisha hivi alivyo, huenda Nairobi mkampokea maiti."

Tulinyamaza. Hatukunyamaza kwa hekima. Tulinyamaza kwa sababu hatukuwa na jibu.

Baada ya siku kadhaa, kijana alipokuwa amefanyiwa upasuaji Nairobi na yuko salama, tulitaka kujua ni matayarisho gani yale yaliyokula saa mbili. Tuliwauliza madaktari wawili wa jamaa yetu, nao wakatueleza kwa subira. Tunayaandika hapa kwa sababu tunaamini si familia hiyo moja tu itakayofikwa na siku kama ile.

Msomaji wa Mombasa aliyewahi kumpelekea ndugu yake wa Nairobi pakiti ya krisps iliyofungwa vizuri atakuwa ameona jambo. Pakiti iliondoka ikiwa tambarare, ikafika imevimba kama puto. Hakuna aliyeongeza hewa ndani yake. Mombasa tuko ufukweni, ambako hewa hutukandamiza kwa uzito wake wote. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko juu mkandamizo hupungua. Hewa iliyofungiwa ndani ya pakiti, ikikosa kukandamizwa, hutanuka.

Sasa, Lodwar yenyewe iko chini, kiasi cha mita 500 tu. Ndege itokayo huko kwenda Nairobi yapasa kupaa juu ya milima kama ile ya Cherangani, yenye vilele vinavyozidi mita 3,000. Ndege nzuri za wagonjwa hufungwa na kujazwa hewa ili aliye ndani asihisi urefu wote wa anga. Hata hivyo, ndege ikiwa juu sana, hewa ya ndani huweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,400 hivi. Katika hali hiyo, hewa iliyofungika mahali ikiwa usawa wa bahari huongezeka ukubwa kwa karibu theluthi moja.

Kijana wetu mbavu zilikuwa zimevunjika, na ncha ya mmoja ilikuwa imelitoboa pafu. Hewa ilikuwa ikivuja kutoka kwenye pafu na kujikusanya ndani ya kifua, mahali ambapo haina njia ya kutokea. Chini pale Lodwar alikuwa akipumua kwa tabu, lakini akipumua. Angepandishwa vile, hewa ile ingetanuka kama ile ya pakiti, ingelibana pafu bovu, kisha lile zima, kisha moyo wenyewe. Saa mbili tulizozilaumu zilitumika kupiga picha ya eksirei, kumchoma sindano ya ganzi, kumpasua tundu dogo ubavuni, kumwingiza mrija wa kutolea hewa, na kungoja hadi walipohakikisha kwamba hewa inatoka na hairudi. Tulidhani anacheleweshwa tiba, kumbe yuko ndani ya tiba yenyewe.

Na hilo ni moja tu. Tuliambiwa kwamba mgonjwa aliyefungwa plasta mpya hupasuliwa plasta hiyo kabla ya kuruka, kwa sababu kiungo huweza kuvimba na kukosa nafasi. Aliyepasuliwa tumbo karibuni hutazamwa sana, kwa kuwa matumbo nayo yana hewa. Anayepumulia mashine kwa mrija wa kooni, kile kipuli kidogo kinachoushika mrija huo hupimwa na kupimwa tena, kisije kikatanuka na kuumiza koo. Oksijeni nayo huhesabiwa kama msafiri wa jangwani anavyohesabu maji: mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika, kwa safari ya dakika 90, atatumia lita 900, na mhudumu mwenye akili huchukua akiba kubwa zaidi ya hizo, kwa sababu mvua ikiziba uwanja hakuna duka la mitungi mawinguni. Tena hewa ya juu ni nyepesi. Mtu mzima wa afya haihisi tofauti hiyo akiwa amekaa kitini, ila aliyepoteza damu nyingi huihisi upesi.

Ndege ikishapaa, kazi hubadilika. Mngurumo wa injini huwa mkubwa hata kile kipimo cha kusikilizia kifua hakifai kitu. Mhudumu hawezi kusikia pumzi ya mgonjwa, basi huitazama. Hutazama kifua kinavyopanda na kushuka, hutazama rangi ya midomo na kucha, hugusa ngozi ajue ina baridi au jasho, na hayaondoi macho kwenye mashine inayoonyesha mapigo ya moyo. Dripu iliyoning'inizwa huyumba na mwendo wa ndege, basi mara nyingi husukumwa kwa mashine ndogo. Nafasi ni finyu. Lisilotayarishwa chini ni taabu kulifanya juu. Kuna kutikisika kunakoamsha maumivu ya mfupa uliovunjika, kuna baridi, kuna kichefuchefu, na kuna hofu ya mtu ambaye labda hajawahi kupanda ndege maishani mwake, leo amefungwa mikanda juu ya machela haoni ila dari. Kumshika mkono na kumwambia "tumo safarini, uko salama" nako ni uuguzi.

Wako watakaosema kwamba habari hizi ni za bara na sisi wa pwani hazituhusu. La, zinatuhusu sana. Vijana wetu wanaozamia jongoo kwa mitungi au kwa mipira ya kompresa, wakikaa chini muda mrefu na kuibuka kwa haraka, huingiwa na viputo vya naitrojeni katika damu na viungo. Huja juu wakilalamika maungo, wengine miguu ikafa ganzi. Huyo naye, akirushwa kwa ndege ya kawaida bila daktari kuambiwa kwamba alikuwa mzamiaji, viputo vile hutanuka na hali yake huzidi. Wanaomwokoa hulazimika kuruka chini sana, au kumpata ndege inayoweza kushikilia hewa ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mwenye mzamiaji nyumbani aijue sentensi hii moja ya kumwambia daktari: "Huyu ametoka kuzamia." Na hata mzamiaji mzima wa afya hashauriwi kupanda ndege mpaka ipite siku nzima.

Elimu hii haikuanza jana katika nchi zetu. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi huduma ya madaktari warukao ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF, wakitumia ndege ndogo na redio kuwafikia watu waliokuwa mbali na hospitali. Huko huko Turkana, Lokichoggio, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya Lopiding tangu mwaka 1987 hadi 2006, na majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan walikuwa wakiletwa hapo kwa ndege. Nchi ambayo wengi wetu huitaja kwa ukame tu, kwa karibu miaka 20 ilikuwa mahali ambapo maelfu ya waliojeruhiwa walishushwa wakiwa hai.

Tuje sasa kwenye adabu, kwa kuwa ndizo zilizotufanya tuandike.

Adabu ya kwanza ni kumwachia kazi mwenye kuijua. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alimtia dhamana mwenye kujitwalia utabibu hali hajulikani kwa utabibu. Sisi siku ile tulikaribia kuwa matabibu kwa njia ya simu. Lau yule dada angetuogopa kwa sababu ya kilemba chetu, akampandisha mgonjwa ili atulize makelele yetu, dhamana ingekuwa ya nani? Na yule bedui aliyeuliza kuhusu ngamia wake alielekezwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mrija wa kifuani ndio kamba ya ngamia yule. Kuungoja si upungufu wa tawakali.

Adabu ya pili ni kujua haraka yafaa wapi. Haraka ni ya kupiga simu, si ya kupakia machela. Viwanja vingi vidogo vya kaskazini havina taa, na ndege hungoja mchana. Kila saa tunayobishana nyumbani nani apige simu na nani alipe, ni saa ya jua inayopotea. Hapo ndipo pa kukimbia. Mhudumu akishafika kitandani, zamu ya subira imeingia.

Adabu ya tatu ni kuwa na sauti moja. Siku ile muuguzi alipigiwa na mama, na mjomba, na tajiri, na sisi. Kila simu aliyoipokea ilimtoa mikono kwa mgonjwa. Familia na ichague mtu mmoja wa kuzungumza, naye awe ameandika haya: umri wa mgonjwa, maradhi aliyokuwa nayo kabla, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, saa aliyoumia, na saa aliyokula mara ya mwisho. Kitambulisho na kadi ya bima viwe mkononi. Akiruhusiwa ndugu mmoja kufuatana naye, na mara nyingine haruhusiwi hata mmoja, achukue mkoba mdogo, akae anapoambiwa, wala asimpe mgonjwa maji wala chakula kwa huruma bila kuuliza.

Adabu ya nne ni ya ibada. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Huswayn, aliyekuwa na maradhi, kwamba asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Mgonjwa aliye juu ya machela, mwenye akili timamu, husali kwa kadiri ya uwezo wake, hata kwa ishara. Aliye mzima anayefuatana naye, akipata nafasi asali kabla ya kupanda, na safari humpa ruhusa ya kukusanya adhuhuri na alasiri. Masuala ya kibla na ya kurudia sala yana maelezo yake, na kila mmoja amuulize mwalimu wake. Lakini lisilohitaji kuulizwa ni hili: mhudumu asitakiwe kuacha kazi yake ili kutupisha, wala mikanda isifunguliwe. Na kina mama zetu wasiwe na dhiki akihudumiwa na mwanamume mahali pasipo na mwanamke. Dharura ina hukumu yake, na wahudumu wakiombwa kwa upole wamfunike mgonjwa, hawakatai.

Adabu ya tano ni kulipa kabla ya msiba. Kijana wetu aliokoka, baada ya rehema ya Mola wake, kwa sababu tajiri alitoa ada ilhali hakuna aliyeumwa. Ndege ikiitwa bila maandalizi, gharama yake humfilisi mtu wa kawaida. Tumekuwa wepesi wa kuchangia sanda na hitima. Tumeanza mazungumzo na kamati ya msikiti ili madereva na wavuvi wa mtaa wetu walipiwe ada ya namna hiyo kwa mfuko wa pamoja, na tunawaomba wasomaji waje na rai zao baada ya sala ya Ijumaa.

Limebaki jambo moja linalotusumbua moyo, nasi hatutalificha. Yule kijana wa Kainuk aliyekatwa mkono akimtoa ndugu yetu hakuwa na tajiri wa kumlipia ada. Lau mbavu zilizovunjika zingekuwa zake, hakuna ndege ambayo ingeruka kutoka Nairobi kwa ajili yake. Mama wa Kainuk anayetokwa na damu wakati wa kujifungua huingojea gari, na gari huingojea barabara. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Al-Maida kwamba kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote, wala hakutaja nafsi iliyolipiwa. Wale wa Kainuk walilitimiza funzo hilo kwa mikono mitupu. Taniboi wetu anaporudi njia hiyo tumempa amana ndogo ampelekee kijana yule kwa ajili ya matibabu ya mkono wake, na salamu zetu. Ni kidogo, nasi tunajua kwamba ni kidogo.

Ama yule muuguzi, tulimtafuta. Tulipewa namba yake na taniboi, tukampigia, tukamwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema: "Shekhe, nimezoea. Jamaa za wagonjwa hunigombeza karibu kila safari. Wanaopiga tena ndio wachache." Kisha akatuuliza kijana anapumua vipi.

Kijana yuko nyumbani. Anatembea taratibu hadi msikitini, na akikohoa hushika ubavu. Mama yake ametuambia tuliandike hili kwa niaba yake: kwamba kila baada ya alfajiri humwombea dua mwanamke asiyemjua uso wala dini, na watu wa Kainuk asiowajua hata idadi.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa waja wako wote. Wape nguvu wanaowahudumia chini na angani, na utujaalie subira mahali pa subira na haraka mahali pa haraka. Amin.

Juma lijalo, inshaallah, tutarejea kwenye mlango wa wasia. Wabillahi tawfiq.